Daktari wa Polisi Aliyesubiri Nabuyoga

Watu walimwita Daktari, na kila aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alikuwa na ugonjwa wa kumwonyesha. Tulikuwa tunasimamisha gari mahali fulani Merikit, mashariki mwa Uganda, kuuliza njia, na kabla hatujajibiwa mama mmoja ameshaleta dirishani mtoto mwenye kikohozi. Yeye hakuwa tabibu. Udaktari wake ulikuwa wa chuo kikuu, wa elimu ya nafsi za watu, na kazi yake katika polisi ilikuwa kuangalia uhalifu uliofanywa na mtu asiyejulikana, kisha aeleze mtu huyo ni wa namna gani: anaishi wapi, anamjua nani, anaogopa nini. Utayaelezaje hayo dirishani kwa mama mwenye mtoto mgongoni? Alimgusa mtoto paji la uso, akasema apewe maji mengi na apelekwe kituo cha afya leo, si kesho, halafu akauliza njia yetu. Nilimcheka sana kwa hilo. Alinijibu kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa hataki kusomewa vyeti.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Baba yangu ni Mteso wa Merikit, mama ni Mpadhola, na niliolewa na Msamia wa Busia, kwa hiyo ulimi wangu ulikuwa umeizoea kazi hiyo nyumbani kabla serikali haijanilipa. Nilizunguka naye miaka mingi, mpaka wake wa mashemeji zangu wakaanza kuniuliza kama nina mume mmoja au wawili. Daktari alifariki mwaka jana. Alikuwa Mwislamu wa mjini Tororo, wa familia ya wenye malori, na watu wake hawakai na maiti. Simu ilinikuta Lumino kwa mambo ya shamba, na nilipofika msikitini walikuwa wanakunja mikeka. Sijazoea. Gari jeupe likipunguza mwendo mbele ya duka langu hapa Busia, nanyanyuka kabla sijafikiri, nachukua mkoba, halafu nakaa tena.

Wengine watakusimulia wahalifu aliowapata. Mimi namkumbuka kwa jambo moja alilolitaka maisha yake yote ya kazi na hakulificha: kukaribishwa katika nyumba moja ya Nabuyoga. Nyumba yenyewe haina ajabu, ya bati, na ua wa minyaa. Mwenyewe tulimwita Salongo, kama anavyoitwa baba wa mapacha pande hizi. Daktari alikuwa amemkosea, na alitaka kuingia uani mwake, aketi, aombe radhi. Kila tulipopata safari ya kupita karibu na huko, alinitazama, nami nilijua tutapinda kulia.

Lakini nianze na yale ya kuchekesha, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekesha bila kujua.

Huyu aliyeweza kusimama kwenye njia ya shamba na kukwambia aliyepita hapa jana hakuwa mgeni, alidanganywa na kila mchuuzi wa Busia. Aliuziwa simu mpya mpakani, akaifungua nyumbani, akakuta kipande cha sabuni kimefungwa vizuri ndani ya kasha. Akanunua viatu vya mguu mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Nilimuuliza, Daktari, wewe unasoma watu, huyu kijana wa sabuni hukumsoma? Akasema alimsoma vizuri sana: alimwona ni kijana mwenye njaa anayejaribu kazi. "Kwa hiyo ulijua?" "Hapana," akasema. "Nilidhani kazi yenyewe ni kuuza simu."

Nyumbani ndiko alikokuwa kipofu kabisa. Mke wake alipaka nyumba rangi mpya sebuleni, naye akakaa humo wiki nzima bila kusema neno, mpaka mama watoto akanipigia simu aniulize kama bwana wake ni mzima. Nilipomwambia Daktari, aliona haya, akamnunulia kitambaa cha kitenge njiani. Rangi yake ilifanana na ile ya ukuta, na mama watoto akasema sasa atakuwa haonekani kabisa.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Hakuwahi kuanza na kosa. Akiingia kwenye boma lililofikwa na msiba au wizi, aliuliza nani huchota maji, nani huamka wa kwanza, mbwa humbwekea nani na hambwekei nani. Mimi natafsiri huku polisi wenzake wakitazama saa. Alipenda kumwambia mtu asimulie siku yake kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu, alisema, uongo umezoea kutembea kwenda mbele tu. Na kila nilipomaliza kutafsiri aliniuliza, "Hayo ndiyo aliyosema. Ni nini ambacho hakusema?" Swali hilo liliniharibia maisha. Mpaka leo siwezi kukaa kwenye kikao cha ukoo bila kulijibu kichwani, na ndiyo maana wananiona mchokozi.

Kwenye kilabu cha ajono alikuwa na kiti chake. Wazee wa Kiteso huketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu, na mazungumzo yanayofanyika hapo huyapati kituoni. Kwake yeye pombe ni haramu, lakini aliketi kwenye duara na chupa ya soda, akanywa taratibu mpaka ikapata joto. Mwanzoni walidhani anawachunga. Baadaye walimwachia nafasi wenyewe, na akichelewa waliuliza yule wetu wa soda yuko wapi.

Hakupenda mtu yeyote aitwe mnyama. Kuna ofisa wa upande wa Kenya, kijana mchangamfu, ambaye walifanya naye kazi wakati wanawake wafanyabiashara walipokuwa wanapigwa na kuporwa kwenye njia za panya, zile za kuvukia mpaka bila kupita forodhani. Wakenya walisema ni Mganda, Waganda wakasema ni Mkenya, na kila upande ulikuwa radhi kusubiri mwenzake. Yule ofisa akasema, "Daktari, huyo msee ni mnyama tu, tumsake tummalize." Daktari akamjibu, "Ukimwita mnyama utamtafuta porini. Huyu ana nyumba, na jioni kuna mtu anamwekea chakula."

Kwa wiki kadhaa tuliketi na wanawake wenyewe, nami nikatafsiri Kisamia, Kijaluo na Kiswahili cha kila namna. Daktari hakuuliza sura ya mtu. Aliuliza doria ilikuwa wapi siku hiyo. Ikajulikana kwamba aliyewapora hakuwahi hata siku moja kukutana na askari wa upande wowote. Basi, akasema Daktari, ni mtu ambaye kazi yake ni kujua askari wako wapi. Walimpata hapo hapo kwenye mstari wa mpaka: alikuwa mpiga mluzi, yule anayelipwa na wavukaji ili awatahadharishe doria ikija. Waliokataa kumlipa ndio aliowavizia. Ofisa wa Kenya alimpa Daktari mkono akasema, "Mzee, we ni noma," na Daktari akaniuliza pembeni kama ametukanwa.

Alisifiwa sana kwa hilo. Aliporudi garini akasema tu, "Pinda kulia." Tulikuwa Busia, na Nabuyoga si karibu. Dereva alijua, akapinda.

Sasa niseme kilichotokea. Ilikuwa kabla sijaanza kufanya naye kazi. Mzee mmoja aliuawa shambani mwake Nabuyoga, na Daktari, akiwa mpya, amerudi kutoka masomoni na kila mtu anataka kuona huo usomi wake, aliandika maelezo ya muuaji: ni mtu wa karibu, anaishi umbali wa kusikia ukemi, alimheshimu marehemu, na hataweza kuutazama mwili. Kwa hiyo mtafuteni jirani ambaye hakuja mazikoni. Pande zetu kutofika kwenye mazishi ya jirani ni jambo zito, hata bila polisi, na jirani wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Wakamchukua. Baada ya siku chache za kuhojiwa, Daktari mwenyewe akiwa ndani ya chumba, yule jirani akakubali kwamba ameua. Magazeti yakaandika.

Yule jirani mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Kwa ukoo wao, baba wa mapacha hasogelei maiti wala kaburi mpaka watoto watolewe nje kwa sherehe yao, kwa sababu kifo na mapacha havikutanishwi. Hakuna aliyewaambia polisi, kwani nani angefikiri kuna mtu mzima asiyelijua hilo? Salongo mwenyewe hakusema, maana hakujua kwamba ni jambo la kusemwa. Na askari wote wa kituo kile walikuwa watu wa mbali, waliohamishiwa huku na masanduku yao, naye Daktari alikuwa mtoto wa mjini.

Daktari alikuja kugundua peke yake. Alikwenda kwenye mazishi mengine, akamwona mwanamume amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, akitazama jeneza likishushwa bila kusogea. Akauliza yule ni nani na kwa nini haji. Wakamcheka, wakamwambia, kwani hujui ana mapacha wachanga. Alinisimulia kwamba hakusubiri hata dua. Alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wake kuyafuta maelezo yake, wakamwambia mtu ameshakubali kosa, anafuta nini. Alihangaika nao mpaka kesi ikafunguliwa upya na muuaji akapatikana, mpwa wa marehemu, ambaye mazikoni alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Salongo akatoka mahabusu. Lakini wakati alipokuwa ndani, mmoja wa mapacha alikuwa ameruka. Ndivyo inavyosemwa, pacha hafi, huruka. Alikuwa hajatolewa nje, kwa kuwa wa kumtoa hakuwepo.

Kosa hilo ndilo lililonipa kazi. Daktari alikataa kufanya upelelezi mwingine wowote pande hizi bila mtu aliyezaliwa huku kuketi kando yake na kumwambia hata yale ambayo kila mtu anayajua. Siku ya kwanza aliniambia hivyo hivyo: "Hasa yale ambayo kila mtu anayajua."

Utafiti wake wote uliotoka baada ya hapo ulikuwa juu ya watu wanaokubali makosa wasiyoyafanya. Alitembelea magereza, akaongea na waliokuwa wamefungwa bure, akaandika. Akiwafundisha makuruta, somo la kwanza halikuwa mpiga mluzi wa Busia, bali Salongo. Aliwaambia huyu alikubali kwa sababu ya hofu na uchovu, na aliyemchosha ni mimi niliyesimama mbele yenu. Mkubwa mmoja alimshauri aliondoe somo hilo kwa kuwa linaaibisha jeshi, na akaongeza kwamba kuna cheo kinakuja. Somo halikuondolewa, na cheo kilipita juu ya kichwa chake kikaenda kwa mwingine. Nilimkasirikia. Nilimwambia mtu hujikosoa mara moja, inatosha, huna haja ya kujianika kila mwaka. Akasema hajianiki, anafundisha. Mimi niliona anafanya yote mawili.

Na kila mara tulipinda kulia. Mke wa Salongo alitupokea mlangoni kwa heshima zote, akasalimia, akaniuliza habari za mama yangu, kisha akasema mwenye nyumba hayupo. Mara nyingine tulimsikia akikohoa nyuma ya nyumba. Daktari hakupita minyaa. Alisimama hapo kwa muda, mikono nyuma, akashukuru, tukaondoka. Nilimshauri atume mtu, atume mbuzi, aombe wazee. Akasema akituma wazee Salongo atashindwa kuwakatalia, na karibu ya kulazimishwa yeye haitaki. Garini, kwenda na kurudi, alikuwa anajizoeza maneno ya kuomba radhi kwa Kidhopadhola, lugha ya Salongo na ya mama yangu, ambayo nilimfundisha mwenyewe, na aliyatamka vibaya kila safari.

Hizo ndizo safari ninazozitamani kuliko zote, na sijui nimweleze nani. Vumbi, dereva kimya, Mwamba wa Tororo unatokea upande wake na kupotea, na yeye anarudia maneno yale huku mimi nasema hapana, sivyo, tena. Nilikuwa na furaha wakati ule. Sikujua kwamba ni furaha, nilidhani ni kazi.

Alistaafu, akaugua figo, akawa mtu wa kukonda. Mimi nilifungua duka. Tulipigiana simu siku za sikukuu, zake na zangu. Kisha mchana mmoja aliingia dukani mwanamke kijana, mwalimu wa shule moja ya Merikit, akanisalimu kwa kupiga goti kidogo, akasema yeye ni binti wa Salongo. Ndiye pacha aliyebaki. Alikuwa chuoni akasomeshwa makala ya Daktari juu ya wanaokiri bure, akamtambua baba yake ndani yake ingawa jina halimo, akaenda kumsomea nyumbani kwa lugha yao. "Baba nasikia yote mpaka mwisho," akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "nasema" ni mimi na ni yeye pia. "Nasema, ile mzee aje. Nasema kuna kitu hajui."

Nilifunga duka saa hiyo hiyo. Daktari alivaa kanzu yake nyeupe na koti juu, ingawa kulikuwa na joto, na mke wake akamfunga vifungo. Njiani hakujizoeza kitu. Nilidhani ameyasahau maneno, nikaanza kumkumbusha, akaniwekea mkono begani ninyamaze.

Salongo alikuwa amesimama ndani ya ua, mzee sasa, mrefu, na shati lililopigwa pasi. Daktari akasita kwenye minyaa.

"Ingia," Salongo akasema.

Tukaingia. Viti viwili vilikuwa vimewekwa kivulini kwa ukuta, na cha tatu pembeni kwa ajili yangu. Binti alikuwa upande wa jikoni akimenya mihogo. Nilijiweka tayari kutafsiri, lakini Salongo alikuwa amepakia malori Malaba ujanani, Kiswahili anacho, na siku hiyo alitaka kukitumia mwenyewe. Nilikaa na mikono yangu mapajani.

"Wewe naandika kwamba mimi naogopa," akasema. "Watoto ya shule nasoma kwamba mimi naogopa, mimi nachoka, ndiyo sababu nakubali."

"Ndivyo nilivyoelewa," Daktari akasema.

"Mimi siogopi. Ile askari ya kwanza napiga mimi, mimi nakataa. Nanyima mimi chakula, mimi nakataa. Unajua?"

"Najua."

"Halafu wewe nakuja. Hupigi mimi. Naleta chai. Naketi chini kama mimi. Unakumbuka unauliza mimi nini?"

Daktari alifikiri. Nilimwona anatafuta, naye si mtu wa kusahau chumba cha mahojiano. "Nilikuuliza habari za nyumbani," akasema.

"Unauliza mimi jina ya watoto." Salongo akainama mbele. "Daktari, hapa hakuna mtu nauliza baba ya mapacha jina ya watoto. Jina iko kabla mtoto kuzaliwa. Kama ni wasichana, wa kwanza ni Apio, wa pili ni Adongo. Hata mlevi ya barabarani najua. Mama huyu hapa najua." Akanionyesha kwa kidevu, na ni kweli, nimeyajua tangu utotoni. "Wewe peke yako nauliza. Mimi nafikiri, hii mtu najua jina, lakini nataka kusikia kwa mdomo yangu, sababu mimi nakosa watoto yangu. Nafikiri hii mtu napenda mimi."

"Sikujua," Daktari akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wallahi, sikujua kwamba majina yana mpango. Niliuliza kwa kuwa sikujua."

"Sasa naelewa. Ile siku sielewi. Wewe nasema, maliza hii maneno, sema ukweli, ndiyo utarudi kwa watoto. Mimi naona hii mtu hawezi danganya mimi. Nafikiri kama nasema ndiyo, yeye napeleka mimi nyumbani, natoa watoto nje, halafu tunapanga hii mambo ya kesi. Mimi nasema ndiyo."

"Sikukudanganya. Niliamini nilichokwambia."

"Najua. Ndiyo sababu sitoki nje ukija hapa. Ile askari ya kupiga, mimi natukana yeye, naisha. Wewe, natukana nini?"

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye koti bila yeye kuyafuta. Miaka yote aliyofundisha, vitabu vyote alivyosoma juu ya hofu, na kilichomvunja mtu yule kilikuwa upole wake. Alifungua mdomo, na nikasikia maneno yale ya Kidhopadhola yanaanza, mabaya kama kawaida. Salongo akainua mkono.

"Hiyo acha," akasema. "Uliza mimi tena."

"Nikuulize nini?"

"Ile unauliza mimi ile siku."

Daktari alikuwa anayajua majina, bila shaka. Lakini miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiyataja, si darasani, si garini. Alisema "watoto" tu. Aliinua kichwa akamtazama. Kisha akauliza, taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri cha Tororo mjini:

"Salongo, watoto wako wanaitwa nani?"

"Apio," Salongo akasema, na binti yake akageuza uso kututazama. "Na Adongo."

Daktari akayarudia majina yote mawili. La kwanza alilipata. La pili alilitamka vibaya, na Salongo akatikisa kichwa, akalisema tena polepole, akamsubiri, akalisema tena, mpaka Daktari akalipata sawasawa.